Mwamba wa Kusagia

Miaka ya tisini nilifanya kazi ya kufua shuka katika kliniki moja ya misheni mjini Arua. Kwenye ukuta wa chumba cha kufulia palikuwa na kalenda iliyokwisha muda wake zamani, na kila mtu alimngoja mwenzake aiondoe. Picha yake ilikuwa ya kijiji kikongwe cha Ureno: nyumba za mawe zimebanana mlimani, vichochoro, kanisa dogo lenye kengele. Sista aliyetusimamia alizaliwa huko. Akipata nafasi alisimama mbele ya ile picha, akanyoosha kidole na kunieleza: hapa ndipo penye tanuri la mkate la kijiji kizima, kila mama na siku yake, hapa ni sakafu ya mawe ambapo watu wote hupura nafaka, maghala haya yenye miguu ya mawe ni ya tangu enzi za babu wa babu zake. Alisema siku hizi serikali yao imekataza mtu kuondoa hata jiwe moja.

"Hata moja, Sista?"

"Hata moja. Ni urithi." Kisha akaniuliza, kwa moyo mweupe kabisa, "Na kijiji chenu, kina umri gani?"

Nilikuwa nimeshika ncha moja ya shuka, mwenzangu ameshika nyingine, tunakamua. Nikamjibu kwamba kimezeeka kiasi. Akangoja niendelee. Mimi nikaendelea kukamua, maana mgongo uliniuma na habari yenyewe ni ndefu, na sikuwa na hamu ya kumweleza mtu anayelinda mawe ya kwao habari za watu waliovunja ya kwao. Sista hakuwa na kosa lolote. Nilichoka tu.

Siku hizi sifui tena, na ninaweza kuieleza nikiwa nimekaa.

Kijiji chetu kiko upande wa Midia, kutoka Koboko ukielekea mpakani, na historia yake ilikuwa juu ya mwamba. Ni mwamba mpana, umelala bapa mahali ambapo ardhi inaanza kuteremkia kijito. Kila mke wa kijiji alikuwa na shimo lake la kusagia pale. Si shimo la kuchimbwa. Mwanamke anapiga magoti, anaweka mtama, anasukuma jiwe la mkononi mbele na nyuma, na baada ya miaka mwamba unaanza kubonyea mbele ya magoti yake. Akifa, mke wa mwanawe anasagia palepale, na shimo linazidi kuingia ndani. Yapo yaliyokuwa na kina cha kutosha kulaza mtoto mchanga, na akina mama waliwalaza kweli, maana jiwe lile lilikuwa laini na lenye ubaridi.

Habuba yangu, mama mzazi wa baba, aliweza kukusimulia mwamba ule kuanzia juu hadi chini. Juu kabisa palikuwa na shimo la mke wa kwanza, mke wa yule mwanamume aliyetoka milima ya kaskazini na mbuzi zake na ugomvi aliouacha nyuma, ambao hakuna aliyetaka kueleza ulikuwa wa nini. Shimo lile halikuguswa. Chini yake wakeze wengine, kisha wake za wana. Mahali fulani paliachwa nafasi kubwa kati ya mashimo mawili kwa sababu wake wenza wale walikuwa hawapatani hata kidogo, na ukitazama unaona kabisa kila mmoja alivyompa mwenzake mgongo. Wabelgiji walikuja wakaenda, Waingereza wakaja, wanaume wakachukuliwa kuwa keya, askari wa Mwingereza, wakarudi na kofia na Kiswahili au hawakurudi. Habari za wanaume zilikuwa hizo tu: alikwenda jeshini, alirudi, hakurudi. Yote mengine yalikuwa juu ya mwamba, na wanawake ndio waliojua kuyasoma.

Palikuwa na sharti moja. Mke hakuhesabiwa kuwa mke wa kijiji mpaka mama mkwe amwonyeshe shimo la kusagia. Alitakiwa asage mtama alioulima mwenyewe katika ardhi ya kijiji, asonge asida, ugali wa mtama huo, na wanaume wa ukoo waile, mkubwa wao akianza. Wakishakula, basi, hata mumewe akifa siku ya pili yake, hakuna wa kumwondoa. Asipofika hapo alikuwa mgeni, awe amezaa watoto wangapi. Mume akifa, mgeni hurudishwa kwao, na watoto hubaki, kwa kuwa watoto ni wa ukoo. Nilipokuwa mdogo niliipenda sana desturi hiyo. Halafu nikaja kuichukia. Sasa sina nguvu ya lolote kati ya hayo mawili.

Mama yangu alikuwa mtu wa Busoga. Alikutana na baba kambini Jinja, na kambini hakuna mwamba. Unga ulikuwa wa dukani. Ndugu zake walimnawia mikono alipomfuata askari wa kaskazini na kubadili dini. Mwaka wa 1979, serikali ilipoanguka, baba alitupandisha kwenye lori la jeshi pamoja na magodoro na masufuria, akasema atatufuata. Mpaka leo hatujui alipolala. Ndivyo mama alivyofika Midia kwa mara ya kwanza, na watoto watatu, hajui lugha ya watu wala njia ya kisimani.

Habuba alimshika mikono, akaigeuza viganja juu.

"Hii mikono iko ya duka," akasema.

Walizungumza Kiswahili chetu cha kule, kile cha jeshi na soko, kwa sababu hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja. Mwaka ule wa kwanza Habuba hakutaka hata kusikia habari ya shimo. Alisema mwanamke wa mjini atakaa msimu mmoja, kisha atapanda lori. Mama akashika jembe. Mwaka uliofuata Habuba mwenyewe alimwonyesha kipande cha ardhi, na mama akapanda mtama. Nakumbuka alivyokuwa akiupapasa ulipoanza kutoa masuke. Mavuno yalikuwa karibu tu. Bunduki zikawahi.

Hiyo ya kukimbia sitaieleza sana. Kila nyumba ya West Nile ina yake na zote zinafanana. Tulivuka kuingia Zaire. Habuba alikwenda amekaa kwenye karia ya baiskeli, mama akiisukuma, miguu ya bibi imefungwa kwa kitenge isije ikaingia kwenye spoku, na bibi mwenyewe anatukana njia nzima. Huko Zaire mama alilima mashamba ya watu, akasaga kwa jiwe la kuazima, akamlisha mama mkwe wake miaka yote tuliyokaa. Macho ya Habuba yalianza kufifia, kisha yakafunga kabisa. Mama akawa ndiye anayemwogesha, anayempeleka chooni, anayemwambia jua liko wapi.

Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa huko huko Zaire, mwendo wa nusu siku kutoka kwetu. Aliwahi kuwa sajini. Alikuja kumwona mama yake mara chache, akaleta sukari kidogo, akalalamika kwamba mguu unamuuma, akaondoka. Sisemi kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea amri, na uhamishoni hapakuwa na wa kumwamuru.

Tuliporudi, miaka ya themanini ikielekea mwisho, kijiji kilikuwa pori. Nyumba zilikwisha kuwa vichuguu. Mwamba peke yake ndio uliokuwa pale pale, umefunikwa na nyasi na kinyesi cha nyani. Baba mkubwa akawa mkubwa wa ukoo kwa vile wengine walikuwa wamekufa, akaanza kugawa ardhi. Alipofika kwetu aliwapimia ndugu zangu wawili wa kiume sehemu zao. Mama akauliza kuhusu yake.

"Wewe hapana saga hapa," baba mkubwa akamwambia. Hakufoka. "Watoto iko yetu. Mvua nakwisha, sisi natafuta wewe gari ya Kampala."

"Mimi narudi kwa nani, shemeji?"

"Kwa watu yako."

 Mama alikuwa na umri ambao kwao hakuna hata mmoja ambaye angemtambua. Usiku ule nilimkumbatia nikalia, naye akaniambia nisogee kidogo, joto. Nilikuwa msichana mkubwa, karibu kuolewa, na nilikuwa najua vizuri maana ya yale maneno: kabla ya kiangazi kuisha sitakuwa na mama karibu nami. Nilimchukia baba mkubwa kwa roho yangu yote. Nilikuwa namsalimia kwa magoti na kumchukia.

Tumaini letu lilikuwa Habuba. Aliahidi kwamba mtama ukikomaa atampa mama shimo lake mwenyewe, lile alilopewa na mama mkwe wake. Mama alikuwa hana shamba, basi alipanda mtama juu ya kichuguu nyuma ya jiko, mahali ambapo hakuna aliyepadai. Ulikuwa kidogo sana. Kuku waliutaka, nyani waliutaka. Mimi na wadogo zangu tuliulinda kwa zamu.

Hapo ndipo lilipokuja shirika la kutengeneza barabara. Walihitaji kokoto, na walikuwa wanalipa kwa chakula: ukijaza karai zako, unapewa unga wa mahindi, maharage na mafuta ya kopo. Baada ya njaa yote ile, watu walipiga vigelegele. Kila nyumba ikatafuta nyundo. Asubuhi mpaka jioni Midia yote ilikuwa inalia ko, ko, ko.

Wanaume wetu wakauendea mwamba. Wengi wao walikulia kambini au Zaire. Kwao ule ulikuwa mwamba tu, tena mzuri, karibu na njia ya lori. Namna ya kuuvunja ni hii: unawasha moto mkubwa juu yake, jiwe likishika joto unamwaga maji, linapasuka, kisha unapiga nyundo. Wakagundua kwamba mahali penye mashimo panapasuka upesi zaidi, kwa kuwa jiwe pale lilikuwa jembamba. Wakaanzia hapo. Kazi iliyofanywa na magoti ya wanawake tangu zamani za zamani ndiyo iliyowarahisishia.

Wala usidhani sisi wanawake tulikuwa tumekaa pembeni. Wanaume walituletea mabonge, sisi tukayaponda yawe kokoto. Tulikuwa tunavunjia chini, kwenye kivuli cha turubai, hatukuona yanatolewa upande gani, na ukweli ni kwamba hatukuuliza. Tulikuwa tunafikiria mafuta ya kopo. Vumbi lilitujaa puani, vidole vilipondeka. Jioni tulipika ule unga mweupe wa msaada ambao hauhitaji kusagwa na mtu, tukala tukalala.

Siku moja mama aliinua bonge, akaliweka juu ya jiwe lake la kupondea, na nyundo ikabaki hewani. Akaliteremsha bonge mapajani. Upande mmoja ulikuwa mkavu na wenye ncha kama mawe yote. Upande wa pili ulikuwa umebonyea kidogo, laini. Akapitisha kiganja, mbele na nyuma.

"Hii natoka wapi?" akaniuliza.

Tukapanda juu kuangalia. Sehemu yote ya chini ya mwamba ilikuwa imekwisha. Ya kati ilikuwa nyeusi kwa moshi, imepasukapasuka. Mama hakulia. Alitembea polepole akihesabu kwa midomo, jinsi Habuba alivyomfundisha, akasimama mahali ambapo palikuwa na majivu na shimo la matope. Hapo ndipo lilipokuwa shimo la Habuba. 

Kwa siku nzima hatukujua tumwambieje Habuba. Yeye alikuwa anasikia nyundo, akidhani ni za barabarani, na kila siku alituuliza mtama umefika wapi. Mwishowe mama akamwambia waziwazi, akiwa anamsuka nywele. Habuba alingoja mpaka mama akamaliza mstari.

"Peleka mimi," akasema.

Tulimwongoza, mama mkono huu, mimi mkono ule. Wanaume walipomwona anakuja wakasimamisha kazi. Alipiga magoti kwenye ukingo, akaanza kupapasa. Alipapasa majivu, nyufa, ncha za mawe zilizomkata vidole. Kila alipofika mahali palipokuwa na shimo alitaja mwenyewe: mke wa fulani, mama wa fulani. Wanaume walisikiliza. Baadhi yao walikuwa wanasikia habari za bibi zao kwa mara ya kwanza. Alipofika mahali pake akapita tu.

Akatambaa mpaka juu kabisa, ambako nyundo zilikuwa hazijafika ingawa moto ulikuwa umefika. Shimo la mke wa kwanza lilikuwa pale, refu, lina ufa katikati. Akaingiza mkono wote ndani.

"Hapa," akamwambia mama. "Leta mtama yako. Saga hapa."

Baba mkubwa akashtuka. "Mama, hii hapana. Hii iko ya mama mkubwa ya watu yote. Hakuna mutu nasaga hapa."

"Yangu iko wapi?" Habuba akamwuliza.

Baba mkubwa akatazama nyundo aliyoshika, akaiweka chini.

"Wewe nakula yangu na maharage," Habuba akasema. "Sasa hii ndiyo nabaki. Leta mtama!"

Mtama wa kichuguuni ulitosha bakuli moja. Mama aliosha lile shimo kwa maji mengi, akalisugua kwa majani, akaosha tena. Kisha akapiga magoti. Kijiji kizima kilikuja kutazama, hata wale wa Kuluba waliokuja kuuza mihogo walisimama. Mama alisaga vizuri. Mikono yake haikuwa ya duka tena, hilo hata kipofu aliweza kulijua kwa kusikia, na Habuba alikuwa anaitikia kwa kichwa kila jiwe lilipokwenda na kurudi. Lakini mimi niliona jambo lililonikata maini. Moto ulikuwa umeuchoma ule mwamba. Kila mama aliposukuma, ngozi ya jiwe ilibanduka, punje ndogondogo, zikachanganyika na unga. Mama aliziona pia. Alipepeta, akachekecha kwa kitambaa, na bado ukiweka unga kwenye ulimi unasikia mchanga. Mtama mwingine haukuwapo.

Asida ilikuwa nyekundu, ndogo, imekaa katikati ya sinia na mchuzi wa bamia kavu. Wanaume walinawa. Mama alipiga magoti mlangoni, kichwa kimeinama, kama inavyotakiwa. Nilikuwa nyuma yake na niliona jasho linavyoshuka shingoni. Mkubwa akitema, imekwisha. Hakuna mtama wa pili, hakuna shimo la pili, na Habuba asingeufikia msimu mwingine.

Baba mkubwa akakata tonge, akachovya, akatia mdomoni. Akatafuna mara moja, akaacha. Sote tulisikia. Mchanga ulilia kwenye meno yake. Alimtazama mama yake kipofu, aliyekuwa amegeuza sikio upande wake, kisha akatazama mlango ambao kwa mbali ulionyesha ule mwamba mweusi. Sijui alifikiri nini. Sikuwahi kumwuliza, na sasa ni marehemu. Alianza kutafuna tena, taratibu, taya zikifanya kazi kama mtu mwenye jino bovu, machozi yakimlenga, akameza.

Akanyoosha bakuli la mchuzi kwa mama.

"Ongeza, mama ya watoto," akasema.

Wengine wakala. Hakuna aliyetema. Habuba, ambaye hakuwa na jino hata moja, alikula kwa raha kuliko wote.

Nilitegemea mama afurahi, acheke, anishike. Alikusanya vyombo, akaviosha, akavianika. Akanawa miguu. Kisha akatandika mkeka kwenye kibaraza cha Habuba, mbele ya watu wote, jua likiwa bado kali, akalala. Alilala kwa ubavu, mdomo wazi, akikoroma. Miaka yote ile sikuwahi kumwona amelala mchana, hata alipokuwa na homa. Watoto walikuwa wanacheza karibu na kichwa chake, nami nikaona haya kwa ajili yake, mwanamke mzima kulala hivyo siku kama ile. Nikainama nimwamshe.

Baba mkubwa alikuwa anapita na jembe begani, anakwenda kumpimia shamba. Akanizuia kwa mkono, akawafukuza watoto.

"Wacha yeye nalala," akasema. "Iko kwake."